Hoteli kongwe zauza kumbukumbu, lakini ni kumbukumbu ya nani?

NAIROBI. Mfanyabiashara anayeingia jijini kutoka Namanga au Busia kwa kawaida hana shughuli Barabara ya Harry Thuku. Basi humshusha katikati ya mji, gesti yake iko River Road au mitaa ya jirani, na mzigo wake unangojewa Gikomba au Marikiti. Usiku mmoja katika Hoteli ya Norfolk, iliyo kwenye barabara hiyo, unaweza kumgharimu fedha zinazokaribia bei ya belo la mitumba. Hata hivyo hoteli hiyo haikosi wateja, na wengi wao hawalipii kitanda peke yake. Wanalipia mwaka 1904.

Hiyo ndiyo bidhaa. Chumba chenye maji ya moto, intaneti na godoro zuri kinapatikana Nairobi katika hoteli nyingi mpya, baadhi yake kwa bei ya chini zaidi. Kinachouzwa Norfolk, na kwa jirani yake Stanley, na Outspan ya Nyeri, na Victoria Falls Hotel kule Zimbabwe, ni ladha ya zamani: baraza pana, viti vya ngozi, sakafu ya mbao inayolia mguu ukikanyaga, na picha za watu waliovaa kofia ngumu wakiwa wamesimama juu ya simba aliyekufa. Mgeni huagiza kinywaji, huegemea kiti, na kwa saa moja hujiona yumo katika Afrika ile anayoijua kutoka kwenye filamu.

Msafirishaji wa bidhaa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anajua kwamba mzigo uliozalishwa humu na usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasili, ilimradi umo kwenye orodha. Ofisa wa forodha hataki maneno mengi: bidhaa imetoka wapi, na nani ameizalisha? Kumbukumbu zinazouzwa na hoteli hizi zimevuka mipaka kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuulizwa swali hilo.

Reli kwanza, vitanda baadaye

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Serikali ya Uingereza ilikuwa imezamisha mamilioni ya pauni katika mradi huo na sasa ilihitaji abiria. Mabango ya matangazo yakabandikwa Uingereza kuwaalika matajiri waje kuikimbia baridi ya kwao katika nyanda za juu za Kenya, waone wanyama kupitia madirisha ya treni. Abiria wa aina hiyo hawezi kulala kwenye hema la vibarua. Ndipo Waingereza wawili, Meja C.G.R. Ringer na R. Aylmer Winearls, wakafungua Norfolk siku ya Krismasi ya mwaka 1904, wakati mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Walowezi waliipachika jina la Nyumba ya Malodi kwa sababu ya wingi wa watu wenye vyeo vya kikabaila waliokunywa pale. Husimuliwa kwamba Lord Delamere, kinara wao, aliwahi kuingia na farasi hadi ukumbi wa chakula. Kisa hicho hurudiwa na waongoza watalii hadi leo, na kila kinaporudiwa watu hucheka. Ni vigumu kufikiria mtu mwingine yeyote wa Nairobi ya wakati ule ambaye angefanya fujo ya namna hiyo na akabaki kuwa kisa cha kuchekesha.

Jina jingine linalotajwa mapema katika historia ya hoteli hiyo ni la Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda mwaka 1909 baada tu ya kumaliza urais wa Marekani. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Hapa pana jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kulitazama kwa makini, kwa maana linamhusu. Neno safari, ambalo leo limeandikwa kwenye fulana, magari na menyu za dunia nzima, halikubuniwa na mwindaji. Misafara ya pembe, vitambaa na shanga kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikifunga safari kabla ya mlowezi wa kwanza kuiona Nairobi. Na wapagazi wengi waliobeba mahema na masanduku ya pombe ya wawindaji walikuwa Wanyamwezi na watu wa pwani, watu waliojifunza kazi hiyo kwenye njia za biashara. Wawindaji waliwachukua watu pamoja na neno lao. Mrabaha hakulipwa mtu.

Muuza magodoro

Kama ipo hadithi ya hoteli hizi ambayo ingefaa kusimuliwa kwenye kila soko la mpakani, ni ya Abraham Block. Alikuwa Myahudi kutoka Lithuania, akafika Kenya mwaka 1903 kupitia Afrika Kusini, hana kitu. Wakati huo mwanamke aitwaye Mayence Bent alikuwa amefungua hoteli ndogo ya Stanley, mwaka 1902, ili kuwalaza watu wa reli na wapita njia. Inasimuliwa kwamba Block aligundua hoteli ile ina upungufu wa magodoro, akatafuta kitambaa kigumu, akakata nyasi, akazikausha, akashona na kumuuzia bibi huyo magodoro yake ya kwanza.

Kila mchuuzi anaielewa hesabu hiyo. Malighafi ni ya bure, mteja yuko karibu, na uhitaji ni wa kila usiku. Mwaka 1927 Block aliinunua Norfolk, na baada ya Vita Kuu ya Pili familia yake ikaichukua na New Stanley pia, hoteli ambayo alianza kwa kuijazia vitanda nyasi.

Bidii ya mtu huyo haina ubishi. Lakini ni haki kuuliza kwa nini hakupatikana mshona magodoro Mkamba, Mkikuyu au Mnyamwezi aliyemaliza na hoteli mbili. Nyasi zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa kwenye sheria. Sheria za kikoloni ziliweka mipaka ya mikopo ambayo Mwafrika angeweza kupewa, ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kutembea na kipande, kimening'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao maduka yao yalifuata reli hadi Uganda na ambao walikuwa na mitaji kuliko walowezi wengi, nao walizuiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo. Barazani Norfolk Mwafrika aliingia kwa mlango mmoja tu, akiwa amebeba sinia.

Tarehe 16 Machi 1922

Anwani ya hoteli hiyo ina kejeli yake. Harry Thuku, ambaye barabara imepewa jina lake, alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi, huku kodi ya kichwa na ya nyumba ikiwa imepandishwa, Thuku alianza kuhutubia mikutano. Chama chake kikaitwa East African Association, yaani Chama cha Afrika Mashariki, na jina hilo halikuwa pambo. Kilikusanya wafanyakazi wa mjini wa makabila mbalimbali, wakiwamo Waganda waliokuwa Nairobi, na kilishirikiana na viongozi wa Kihindi. Miongo kadhaa kabla ya mkataba wowote wa Jumuiya, makarani, madobi na madereva wa Nairobi walikuwa wameshaona kwamba shida yao haina mpaka.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Umati wa maelfu ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka Norfolk, kudai aachiliwe. Tarehe 16 wanaume waliposita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea kwa ishara kali ya kuvua heshima ambayo mwanamke Mkikuyu huitumia pale tu hali inapokuwa imeharibika kabisa, na wanawake wenzake wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Taarifa ya serikali ilitaja vifo 21; Waafrika walioshuhudia walitoa hesabu kubwa zaidi. Vitabu kadhaa vya historia ya Kenya vinaeleza kwamba walowezi waliokuwa wamekaa barazani Norfolk nao walichukua bunduki zao wakapiga risasi watu waliokuwa wakikimbia.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa.

Baraza ni lile lile kwa nafasi yake, ingawa majengo yamejengwa upya na kupanuliwa mara kadhaa. Mgeni anayekaa pale na chai yake akitazama mbele ataona Jumba la Taifa la Maigizo, ambako mwaka 1976 mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi uliigizwa. Ataona pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakipita. Hadithi ya farasi wa Delamere ataisikia bila kuomba. Ya Nyanjiru itabidi aiulize, na ili aiulize lazima awe anaijua tayari.

Kuna kumbukumbu nyingine ya maumivu ambayo hoteli yenyewe haikuweza kuikwepa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakisherehekea mwaka mpya, bomu lililipuka na kubomoa sehemu kubwa ya Norfolk. Watu wapatao 20 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Shambulio hilo lilihusishwa na kisasi cha uvamizi wa makomando wa Israel uwanjani Entebbe mwaka 1976, ambao Kenya ilidaiwa kuusaidia. Ugomvi uliozuka kwenye uwanja wa ndege wa Uganda ulikuja kulipiwa na wahudumu na wageni wa hoteli ya Nairobi. Hoteli ikajengwa tena, kwa sura ile ile ya zamani.

Soko la hisa mezani

Stanley ya leo, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street, siyo ile ya magodoro ya nyasi. Ile iliungua mwaka 1905, ikahamia Government Road, kisha mwaka 1913 likajengwa jengo jipya mahali ilipo sasa. Kwa wengi umaarufu wake ni mti wa mgunga uliokuwa uani, ambako wasafiri walibandika vikaratasi vya ujumbe: fulani ameondoka kwenda Arusha, fulani anatafuta mtu wa kuchangia gari hadi Kampala. Mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa mwaka 1959 na mti huo ukawa sanduku la barua la barabara nzima kutoka Cairo hadi Cape Town. Wafanyabiashara wa leo wana makundi yao ya WhatsApp, lakini kazi ni ile ile.

Mfanyabiashara angefaa kujua zaidi kilichokuwa kikifanyika ndani. Soko la Hisa la Nairobi lilisajiliwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Halikuwa na ukumbi. Madalali walikutana hapo Stanley, wakafanya biashara kwa kahawa, kinywaji na simu. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa hadi uhuru ulipokuja mwaka 1963. Kwa miaka tisa umiliki wa viwanda vya bia, chai na saruji vya ukanda huu ulibadilishana mikono kwenye meza za hoteli ambayo mlaji bia, mchuma chai na mjenzi hawakuweza kuingia kama wateja. Hoteli inajivunia kuwa chimbuko la soko hilo, na ina haki ya kujivunia. Sehemu ya pili ya habari haipendezi sana ikiandikwa karibu na kaunta ya vinywaji.

Mwendo mfupi kutoka mlangoni pake, kwenye barabara hiyo hiyo, imesimama sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe. Watalii wengi hupigwa picha nayo kabla ya kurudi hotelini kula.

Magendo yenye heshima

Nyeri ina kisa ambacho wavusha bidhaa watakipenda. Mwanzilishi wa Outspan, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa mtoto wa kasisi, rubani wa vita, na aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Vilevile alikuwa msafirisha magendo. Marekani ilipopiga marufuku pombe, Walker alijipatia fedha kwa kuvusha wiski kwa meli, na mwaka 1927 akaandika kitabu kuhusu kazi hiyo kwa jina la bandia. Kisha akatulia Nyeri, akafungua hoteli yenye bustani inayotazama Mlima Kenya, na mwaka 1932 akajenga Treetops, vyumba vichache juu ya mti wa mugumo ambapo wageni walikaa usiku kutazama tembo na vifaru wakinywa maji.

Leo historia ya wiski inasimuliwa kama ujasiri wa kijana. Mama anayekamatwa na mafuta ya kula au sukari kwenye njia ya panya hasimuliwi hivyo, na hoteli hajengi.

Treetops ndipo Binti Elizabeth alipolala usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Sandringham. Alipanda mti akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia bila kujua. Sentensi hiyo moja imeuza vitanda kwa miaka 70. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops ikateketea. Ilijengwa upya mwaka 1957, mwaka ule ule Kimathi aliponyongwa. Kwa watu wa Nyeri matukio haya ni ya vita moja, katika msitu mmoja. Katika vitabu vya watalii, la malkia lina sura nzima na la moto lina mstari.

Treetops ilifunga milango mwaka 2021 baada ya corona kukausha wageni. Norfolk nayo ilisimamisha shughuli mwaka 2020 na wafanyakazi wake wakapewa notisi za kuachishwa kazi, kabla ya hoteli kufunguliwa tena baadaye. Umri mkubwa na majina makubwa hayakuzuia kitu pale ndege za Ulaya zilipokosa kutua.

Kwa nini bado zinapendwa

Itakuwa uongo kusema wanaozipenda hoteli hizi ni Wazungu wazee wanaoililia himaya. Jumapili mchana meza nyingi hujaa familia za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Maharusi huja kupigwa picha. Wakili aliyeshinda kesi humleta mama yake. Baadhi yao wana babu aliyekuwa dobi au mpishi katika hoteli za aina hii, na kukaa kwenye kiti ambacho babu alikifuta vumbi tu kuna utamu ambao hauhusiani na kumtamani mkoloni. Ni kama mtu kununua shamba ambalo baba yake alikuwa kibarua.

Pia, tuseme ukweli, nyumba hizi zilijengwa vizuri. Dari ni za juu, kuta ni nene, baraza limeelekezwa upande wenye upepo. Nairobi, Kampala na Dar zimejaa majengo ya vioo ambayo umeme ukikatika hayakaliki. Mapenzi ya zamani mara nyingine ni mapenzi ya kivuli.

Dar es Salaam inatoa somo la kinyume. Mwaka 1906 Wajerumani walijenga Kaiserhof karibu na bandari, hoteli ambayo Waingereza walipoichukua nchi iliitwa New Africa. Kwa miaka mingi baraza lake lilikuwa mahali pa kukutania mjini. Jengo hilo halipo tena. Limebomolewa na kupandishwa jipya lenye jina lile lile. Kibiashara hakuna aliyekosea, kwa kuwa kiwanja kile kina thamani kubwa na vyumba ni vingi zaidi. Lakini mgeni anayetafuta mwaka 1906 hana pa kuketi, na mzee wa Kariakoo anayetaka kumwonyesha mjukuu wake mlango ambao yeye hakuruhusiwa kuupita hana mlango wa kuuonyesha. Ndiyo sababu ya kuzilinda zile zilizobaki. Jengo likienda, ushahidi nao unaenda, wa fahari na wa aibu.

Hoteli juu ya mpaka

Victoria Falls Hotel ilifunguliwa Juni 1904, miezi michache kabla ya Norfolk, ikiwa ya mbao na mabati, wakati reli ya kutoka kusini ilipofika maporomoko ya Mto Zambezi. Daraja lilikamilika mwaka uliofuata. Kuanzia 1920 hadi 1957 wageni waliteremshwa hadi kwenye maporomoko kwa vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na vibarua Waafrika, na sasa vigari hivyo ni pambo katika picha za ukumbusho.

Katikati ya mwaka 1963 hoteli hiyo ilifanyiwa mkutano wa kuvunja Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, nchi ambazo leo ni Zambia, Zimbabwe na Malawi. Shirikisho lilikufa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Lilikuwa muungano uliotengenezwa na walowezi kwa faida yao, na wananchi wa Zambia na Malawi hawakulililia. Gharama yake hata hivyo inalipwa hadi sasa pale chini ya bustani, ambako kutoka barazani mgeni huliona daraja na watu wanaotembea juu yake wakiwa na mafurushi kichwani. Mtalii anaweza kununua viza moja ya dola 50 inayompitisha Zambia na Zimbabwe, mpango uliozinduliwa mwaka 2014. Mchuuzi wa darajani ana foleni yake.

Mashariki zaidi, Beira nchini Msumbiji, bandari inayozihudumia Zimbabwe, Malawi na Zambia, iko Grande Hotel. Ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950 ikiwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki, fahari ya Wareno wote wa Afrika. Ilifungwa kama hoteli mwaka 1963 kwa sababu isiyo na siasa yoyote: haikuwahi kupata wageni wa kutosha wa kulipia ukubwa wake. Baada ya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliopoteza makazi walihamia humo. Zaidi ya watu 2,000 wamekuwa wakiishi ndani, bila umeme wa jengo wala maji ya bomba. Wana wachuuzi wao kwenye korido na viongozi wao wa ghorofa, na bwawa lilikuwa mahali pa kufulia. Wapiga picha wa Ulaya hufika kupiga picha za uharibifu huo, nazo huuzwa.

Nani anaijaza jiko

Hoteli inayouza mwaka 1904 hupika kwa bidhaa za juzi. Vitunguu vinavyoliwa Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka Tanzania, vikiwamo vya Mang'ola wilayani Karatu, vikipita Namanga. Ndizi za kupika hutoka Uganda, na samaki hutoka Ziwa Victoria, ambalo nchi tatu zinaligawana. Biashara yote hiyo ipo. Lakini mwenye mzigo mdogo ni nadra kuufikisha mwenyewe kwenye mlango wa jiko la hoteli kubwa.

Sababu ni makaratasi, na hazifichwi. Hoteli hutangaza orodha ya wasambazaji, kwa kawaida mara moja kwa mwaka au miaka miwili, na hudai usajili wa kampuni, cheti cha kulipa kodi na ithibati ya usafi wa chakula. Kenya imeongeza jingine: tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haikubaliki kwa hesabu za kodi, hivyo mhasibu wa hoteli hawezi kupokea risiti ya mkono kutoka Marikiti hata kama vitunguu ni vizuri kuliko vyote. Mzigo hupita kwa kampuni ya kati yenye makaratasi hayo, na faida kubwa hubaki hapo.

Wapo waliolivuka tatizo hili kwa kujiunga pamoja, kusajili ushirika upande wa Kenya na kumweka mtu mmoja mwenye namba ya kodi kushughulikia ankara. Haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji uvumilivu, kwa sababu hoteli kubwa mara nyingi hulipa baada ya siku 30, 60 au hata 90, wakati mkulima wa Mang'ola anataka fedha zake siku lori linapoondoka. Anayetaka kuingia katika biashara hiyo anapaswa kuanza na hesabu ya siku hizo kabla ya hesabu ya faida, na kuuliza mapema ofisa manunuzi anapokea maombi mwezi gani.